Kiwango cha Mahali

Saa za kazi za Mama Haloo zilipowadia, nyumba nzima ilishika adabu. Sufuria hazikugongana, maana kila moja ilikalishwa juu ya kitambaa. Bawaba za milango zilipakwa mafuta ya kupikia, wakati mwingine wao wenyewe wakiyakosa ya chakula. Mama mkwe, ambaye zamani alikuwa na kikohozi cha kusikika nyumba ya tatu, alijifunza kukoholea ndani ya mto. Na mtoto wao wa pekee, binti wa darasa la kwanza, alizoea kunong'ona hata shuleni, mpaka mwalimu akamwita baba yake kumuuliza kama mtoto ana tatizo la koo.

Jina la Mama Haloo alipewa na wapangaji wenzake, kwa kuwa ndilo neno pekee walilolielewa katika maongezi yake ya kutwa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya ng'ambo iliyouza vitanda vya umeme, vile ambavyo ukibonyeza kitufe kichwa kinapanda, ukibonyeza kingine miguu inashuka. Yeye hakuwahi kukilalia hata kimoja. Alivijua kwa michoro tu, lakini alivijua kuliko waliovinunua, na angeweza kumwongoza bibi wa miaka themanini kuchomoa waya na kuuchomeka tena bila bibi huyo kuinuka.

Simu zote zilirekodiwa, na kulikuwa na watu maalumu wa kuzisikiliza na kuzipa alama. Kelele ya nyuma, iwe ya jogoo, mtoto au mlango, ilipunguza alama. Alama zikipungua, marupurupu ya mwezi yanakatwa, na zikipungua zaidi, mkataba haurudiwi. Mwanzoni kabisa kikohozi cha mama mkwe kiliwahi kuyala marupurupu ya mwezi mzima. Hakuna aliyemsema. Mama Haloo alijifungia bafuni tu akalia, na mama mkwe, akiwa uani anaanika nguo, alimsikia. Tangu siku hiyo hakuhitaji kuambiwa kitu.

Siku yalipotokea hayo ya kutokea, Mama Haloo alianza zamu mchana kama kawaida, na mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja ambaye kitanda chake kilikwaruza kila alipojigeuza. Simu ikawa ndefu. Akaja wa pili, akaja wa kumi. Alipovua vifaa vya masikioni jua lilikuwa limeshahama dirishani. Alikwenda jikoni kunywa maji, akamkuta mama mkwe amelala sakafuni kando ya jiko, mguu mmoja umepinda upande usio wake, pembe ya khanga ameing'ata kwa meno, uso umelowa.

Mama mkwe aliitoa ile khanga mdomoni.

"Umemaliza kazi?" aliuliza.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeteleza. Maji yalimwagika, sikuyaona."

"Saa ngapi?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza."

Mama Haloo alipiga magoti. Alitaka kumwinua, akaogopa kumgusa. "Kwa nini hukuniita, mama? Niko hapo tu, nyuma ya pazia."

"Ungekatwa," alisema mama mkwe.

*

Daktari aliinyanyua picha kuelekea kwenye mwanga wa dirisha akawaonyesha nyonga iliyovunjika. Alisema mgonjwa anahitaji kupasuliwa na kutiwa chuma, na asipotiwa mapema hatatembea tena. Fundi, mume wa Mama Haloo, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye jengo alikokuwa anafunga mabomba. Suruali yake ilikuwa na tope magotini, na mfuko wa spana alikuwa nao begani. Aliuliza gharama. Daktari akataja.

"Chuma peke yake ndiyo nusu ya bei," alieleza daktari, maana alikwishazoea kuona watu wakinyamaza hapo. "Kinatoka ng'ambo. Huko wanakinunua bei hiyohiyo, sisi tunaongezewa na ushuru."

Dirishani kwa mhasibu waliambiwa walipe kwanza sehemu ya fedha, ndipo jina la mgonjwa liingizwe kwenye zamu ya upasuaji. Mama Haloo aliinamia kile kitundu cha kioo. Alikuwa amechoka na ameingiwa na hofu, na hofu ikimwingia ulimi wake ulikimbilia kule ulikofunzwa.

"Naelewa kabisa jinsi hali hii inavyoweza kukusumbua," alimwambia mhasibu kwa sauti laini. "Asante sana kwa uvumilivu wako. Ningependa tuone kwa pamoja tunawezaje kulitatua."

Mhasibu aliacha kuandika. "Dada, unanitania?"

"Samahani kwa usumbufu uliojitokeza."

"Kaka, mchukue mkeo," mhasibu alimwambia Fundi. "Mimi niko kazini."

"Ndivyo anavyoongea kazini kwake," Fundi alisema, aibu imemshika. "Hakutanii. Msamehe."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, wengine wakajikaza wasicheke. Mama Haloo alijiondoa dirishani, uso unamwaka, akaenda kusimama kando ya kitanda cha mama mkwe. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kupandishwa kwa mkono, na mkono ulishavunjika, kwa hiyo kichwani kilikuwa kimeegemezwa juu ya matofali mawili. Alikitazama kwa muda. Mwenye kukilalia angekuwa mteja wake, angempelekea mtengeneza vitanda siku hiyohiyo.

Wifi yake alifika jioni. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mwanamke wa maneno yake, na hakuwahi kumeza neno akalisahau. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akamfunika vizuri, kisha akageuka.

"Nimewahi kusikia watu wanafundishwa kusoma, wanafundishwa kushona," alisema. "Mama yetu yeye amefundishwa kufa kimya."

"Wifi, mimi sikumwambia asiniite."

"Hukumwambia. Ulilia bafuni." Kumbe habari zilishamfika. "Haya, wifi yangu. Kila siku tunaambiwa unalipwa na watu wa ng'ambo. Mama hapumui kwa sababu ya ng'ambo, mtoto hachezi kwa sababu ya ng'ambo. Leo ndiyo siku yenyewe. Tuzione hizo hela za ng'ambo."

Kwa hesabu ya mtaani kwao Mama Haloo alikuwa mtu mwenye nafasi. Kodi ya nyumba alilipa yeye, ada alilipa yeye, na kazi za Fundi zikikauka, chakula pia alinunua yeye. Kikibaki kitu mwisho wa mwezi, hakikuwa cha kuitwa akiba. Lakini kusema hivyo mbele ya wifi kungekuwa kujivua nguo sokoni, kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana kiburi.

*

Kesho yake aliingia kazini. Siku usiyoingia hulipwi, na sasa kila siku ilikuwa ya mama mkwe.

Kwenye kompyuta yake majina ya wafanyakazi wa zamu yalijipanga kwa mstari, na jina la mwanamume mmoja lilikuwa daima limepakana na lake. Moyoni alimwita Jirani. Jirani alikuwa kundi la kwanza, yaani wale wa nchi yenyewe ya kampuni. Mama Haloo alikuwa kundi la tatu. Kundi la nne lilikuwa jipya, la vijana wa nchi nyingine tena, na yeye ndiye aliyepewa kuwafundisha asubuhi, kabla ya zamu yake, bila nyongeza yoyote isipokuwa kuitwa Mwalimu. Jirani alikuwa na mbwa aliyebweka katikati ya simu mpaka wateja wakawa wanamuulizia hali. Hakuna aliyempunguzia Jirani alama. Kundi la kwanza halikuwa na sheria ya kelele.

"Leo umepoa," Jirani alimwandikia palipokuwa na nafasi. "Kuna nini?"

Akamweleza, kwa kifupi.

"Omba fedha ya dharura," alijibu. "Mama yangu alipovunjika mkono walinipa wiki mbili na mshahara kamili. Fedha yenyewe iliingia kabla sijamaliza kuomba. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Aliomba papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu jana akahisi njaa. Kabla zamu haijaisha msimamizi akampigia. Alikuwa mwanamume mpole ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

"Pole sana na mama mkwe. Nina habari njema. Ombi lako limekubaliwa."

Mama Haloo alijiziba mdomo. Halafu msimamizi akataja kiasi. Kilitosha teksi ya kwenda hospitali na kurudi, na labda machungwa ya mgonjwa njiani.

"Samahani," alisema, "nadhani kuna sufuri imeruka hapo. Labda mbili."

"Hapana, ndiyo yenyewe. Fedha ya dharura inatolewa kwa kiwango cha mahali, sawa na mishahara. Kila mtu kulingana na gharama za maisha za anakoishi. Huko kwenu maisha ni nafuu."

"Mchicha ni nafuu," Mama Haloo alisema. "Mimi sinunui mchicha. Nanunua chuma cha nyonga, na kinatoka huko kwenu. Hakikuniuliza naishi wapi."

Msimamizi akasema, kwa sauti laini, "Naelewa kabisa jinsi hali hii inavyoweza kukusumbua."

Mama Haloo aliitambua sentensi hiyo. Yeye mwenyewe aliitoa kutwa nzima, na sasa ndipo alipojua inavyosikika kwa anayeipokea. Alishukuru, akaaga, akapokea mteja aliyefuata.

*

Ni Jirani aliyeuliza tena. Alitaka kujua imekuwaje, na alipojua akakasirika kwa niaba yake, akaandika maneno makali kuhusu kampuni. Kisha akauliza chuma hicho na upasuaji wake ni bei gani. Mama Haloo alimtajia.

"Hiyo tu?" Jirani aliandika. "Hiyo haifiki hata mshahara wangu wa mwezi. Nitakutumia."

Halafu bila shaka akaisoma tena sentensi yake. Kwa Mama Haloo fedha ile ilikuwa mishahara ya tangu masika hadi vuli, tena mtu asile, naye akamtajia mshahara wake. Walipokea simu zilezile, kutoka foleni moja. Jirani akiwa na mteja, wa nyuma yake alimwangukia yeye.

"Samahani," Jirani aliandika baadaye. "Sikujua tofauti ni kubwa hivyo. Mara saba! Nitume wapi?"

Hakumjibu siku hiyo. Alimsubiri mumewe arudi, akampa maji ya kunawa, akampa chakula, ndipo akamweleza. Fundi aliacha kula.

"Mwanamume gani huyo anayetoa hela zote hizo bure?"

"Hajawahi hata kuniona."

"Ndiyo maana nauliza."

"Mume wangu, usianze. Unafikiri atapanda ndege aje kudai?"

"Sijasema hivyo." Fundi alisukuma sahani. "Mama ana watoto wawili, wazima, wana mikono. Mimi nafunga mabomba kwenye ghorofa nane, nyumba za watu wanaooga maji moto. Halafu mama yangu atembee kwa huruma ya mtu mwenye mbwa. Unajua dada atasema nini?"

"Wifi atasema tu, hata tukimzika mama atasema. Wewe una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Alikuwa amezunguka kwa wakandarasi wote wanaodaiwa naye, na wote walimwambia mwisho wa mwezi. Aliona aibu, tena aibu ya mwanamume mbele ya mkewe, ambayo mara nyingi hutoka ikiwa hasira. Safari hii haikutoka hivyo. Aliinamisha kichwa tu. Mama Haloo alimwonea huruma, na yeye pia akajionea huruma, maana hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje kuokolewa na mwenzake wa kazi.

Waliamua kumuuliza mwenye nyonga. Mama mkwe alikuwa amelala chali juu ya matofali yake, midomo imekauka. Muuguzi alilalamika kwamba mgonjwa huyu hasemi akiumwa, kwa hiyo dawa ya maumivu hawajui wampe lini.

"Huyo mtu ni tajiri?" mama mkwe aliuliza alipokwisha kuwasikiliza.

"Hapana, mama. Anafanya kazi kama yangu."

"Kama yako namna gani?"

"Ileile. Vitanda vilevile, wateja walewale. Asipopokea yeye napokea mimi."

Mama mkwe alifumba macho, wakadhani amesinzia. Alilea watoto wake wawili kwa kuuza nguo za mitumba, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kuuliza bei mara mbili.

"Basi huyo hajafanya muujiza," alisema. "Huyo amelipwa, basi. Wewe ndiye hujalipwa." Akafumbua macho. "Lakini ipokeeni. Nataka kutembea."

*

Fedha iliingia, chuma kikaingia, na mama mkwe akatoka hospitalini akiegemea fremu ya kutembelea ya kukodi. Wifi alipoambiwa fedha imetoka wapi aliguna, akasema mkono mtupu haulambwi, basi na huyo wa ng'ambo ashukuriwe. Ilikuwa kauli ya upole kuliko zote alizowahi kutoa katika ukoo huo.

Lakini maneno ya mama mkwe hayakutoka kichwani mwa Mama Haloo. Aliyabeba akichuja chai, aliyabeba akiwaongoza watu wa mbali kulala vizuri. Kila mwisho wa mwezi kampuni ilifanya mkutano wa makundi yote kwa kompyuta, na mwishoni meneja aliuliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyewahi kuuliza. Siku mbili kabla ya mkutano alimwandikia Jirani.

"Nakuomba kitu kingine. Si hela. Kwenye mkutano nitataja mshahara wangu. Na wewe utaje wako. Nikitaja peke yangu, watasema nalalamika. Tukitaja wawili, hawana la kusema."

Jibu lilichelewa.

"Mkataba unakataza," Jirani aliandika. "Nina mkopo wa nyumba. Nina watoto wawili. Wakinitoa hapa, kwa umri wangu, sijui nani atanichukua." Na baada ya muda: "Lakini ukihitaji fedha tena, niambie tu. Nasema kweli."

Alisema kweli, na Mama Haloo alijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tayari kumpa mshahara wa mwezi mzima, ila si sentensi moja. Mama Haloo alikasirika, akamwita mwoga kimoyomoyo, kisha akaona haya kwa sababu mwoga huyo ndiye aliyemsimamisha mama mkwe.

Siku ya mkutano meneja alizungumza kuhusu mwaka mzuri na familia moja kubwa. Alipouliza maswali, Mama Haloo alifungua kipaza sauti. Hakuitumia sauti ya kazini. Alitaja mshahara wake, tarakimu kwa tarakimu. Akasema kwamba wapo wanaopokea simu hizohizo kwa mara saba ya hapo, na akaomba aelezwe ni sehemu gani ya kazi ambayo yeye anaifanya kwa nusu. Nyuso zote zilibaki zinatazama. Uso wa Jirani ulitazama chini, na kipaza sauti chake hakikufunguka. Meneja alisema hilo ni jambo la mtu binafsi, akashukuru kila mtu kwa kuhudhuria, akaufunga mkutano.

Mama Haloo alibaki mbele ya kioo cha kompyuta. Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa binti mmoja wa kundi la nne, mwanafunzi wake, yule ambaye kila siku alikuwa na maswali mengi kuliko wenzake wote.

"Mwalimu, wanakulipa hizo kweli?"

"Kweli," Mama Haloo aliandika. "Wewe fikiria."

"Zote hizo?"

Ndipo vidole vyake vilipogoma juu ya herufi. Binti akaandika tena.

"Sisi tunapata nusu ya hizo, Mwalimu. Tulidhani tuko sawa na wewe."

Alisoma mara moja, akafunika kompyuta. Aliwafundisha vijana hao kila asubuhi mwezi mzima, akiwaambia ni wenzake, na haikumjia hata mara moja kuwauliza. Haya ilimshika mpaka shingoni, na haikuwa haya ya mtu aliyekosewa.

*

Kesho yake alitegemea kukuta kompyuta imekataa jina lake. Badala yake msimamizi alimpigia mapema, akiwa mchangamfu.

"Uongozi umekusikia. Kundi la tatu mtaongezewa mshahara, karibu nusu ya mnachopata sasa. Na ile sheria ya kelele imeondolewa kwenu. Tuliona haikuwa ya haki, kwa mazingira ya kwenu."

Mama Haloo alishika ukingo wa meza. "Na kundi la nne?"

"Kundi la nne wana kiwango cha mahali pao. Kwao maisha ni nafuu zaidi."

"Aha."

"Kuna ombi moja dogo. Tunajua wanafunzi wako wanakuheshimu. Mazungumzo ya mishahara na wao, tungependa yasiwepo. Ukiweza hilo, nyongeza inaanza mwezi huu. Tumeelewana?"

Chumba cha pili mama mkwe alikuwa anafanya mazoezi ya mguu. Fundi alikuwa anamshikia kisigino, kama walivyoelekezwa hospitalini. Kulikuwa na deni la dawa, na kodi ya fremu, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani juzi kwa ajili ya ada.

"Tumeelewana," alisema.

Alipowaeleza, mama mkwe aliinua mikono kushukuru. Fundi alicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu siku ya sakafuni. "Umewaweza," alimwambia. "Mimi nilijua watakufukuza. Umewaweza, mke wangu." Alitoka uani akawaambia wapangaji, na wapangaji wakapiga makofi, na mmoja akauliza kama sasa anaruhusiwa kuwasha redio.

Mama Haloo hakuweza kula. Mumewe alimwona.

"Nini tena?"

"Wale wanafunzi wangu wanapata nusu ya nilichokuwa napata mimi. Nusu ya zamani. Na nimekatazwa kuwaambia tutaongezewa."

Fundi aliketi. Alifikiri, maana hakuwa mtu wa pupa. "Hao ni wa nchi gani?"

"Nyingine."

"Wana baba zao, wana mama zao. Wana mdomo kama wewe. Watasema siku yao." Akashusha sauti. "Sisi tumetoka shimoni jana tu. Mama bado hajakifikia choo peke yake. Nakuomba. Sikuamrishi, nakuomba."

"Hata Jirani aliniomba hivyo," alisema mkewe. "Alikuwa na sababu nzuri kama hizo."

Darasa lilianza saa ile ya kila siku. Somo lilikuwa kumtuliza mteja aliyekasirika. Nyuso za vijana zilijitokeza moja moja, na wa binti yule ukajitokeza mwisho. Alikuwa amekaa wima, kalamu mkononi, hakuuliza kitu. Mama Haloo alifundisha. Alisema kwanza unamsikiliza mteja, kisha unarudia shida yake kwa maneno yako, kisha unamwambia unaelewa. Alifika hapo, kwenye sentensi yenyewe, akashindwa kuisema. Alijaribu mara ya pili. Vijana walidhani mtandao umekatika.

Alimfikiria Jirani akitazama chini. Alikuwa amemwita mwoga, na sasa neno lilelile lilimgeukia yeye mwenyewe, akajua lina uzito gani, na alimsamehe. Kumsamehe hakukumsaidia kitu. Binti alikuwa bado anamtazama.

Mlangoni Fundi alikuwa amesimama, taulo la mama yake begani. Alimwona mkewe alivyokaa, akatikisa kichwa polepole, kumwambia hapana.

"Somo la leo limebadilika," Mama Haloo aliwaambia vijana. "Kaeni na kalamu. Naanza na mshahara wangu wa zamani, halafu ule mpya, halafu niwaambie nilivyoupata na nilichoahidi ili niupate."

Fundi hakuijua sana lugha ya wateja, lakini tarakimu zake alizijua. Aliposikia ya kwanza aliketi kizingitini, mikono kichwani, akawa anamsikiliza mkewe akiipoteza kazi, taratibu, kwa sauti ya upole, akirudia kila tarakimu mara mbili ili asiwepo wa kuikosa.